Matuta Mawili kwa Kila Mradi

Alhamisi ile baridi ilikuwa ya kukata masikio. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni tangu alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi bado tuliona nusu tu ya uwanja wa shule. Nilikuwa nimeiegemeza miradi ishirini na mitatu ukutani, kuanzia mlangoni hadi kwenye kabati la vitabu, nikawa napita mbele yake polepole na kalamu nyekundu mkononi. Nilipofika kwenye mradi wa tisa nikasimama. Nikarudi kwa ule wa kwanza. Nikaivua miwani, nikaifuta kwa shali, nikaivaa tena.

Yote ilikuwa imetengenezwa na mtu mmoja.

Nilifundisha Kiswahili katika Gredi ya Sita, katika shule ya msingi huku juu Dundori. Nilikuwa mwalimu mwanagenzi, mkataba wa mwaka mmoja. Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeandika ubaoni msamiati wa maumbo, maneno kumi na matano: duara, nusu duara, duara dufu, kipenyo, mraba, mstatili, ulalo, pembetatu, pembetano, pembesita, msambamba, pia, tufe, mchemraba, mcheduara. Nikawaambia wanafunzi kila mmoja aende nyumbani, atafute fito, waya, katoni, chochote, ayaunde maumbo hayo kwa mikono yake na kuandika jina la kila moja. Niliamini kwamba mtoto aliyekunja waya mwenyewe hadi ikawa duara hawezi kusahau kipenyo ni nini. Bado naamini hivyo.

Sasa nilikuwa nikitazama vipande ishirini na vitatu vya katoni ngumu vilivyokatwa kwa kisu kimoja. Fito zote zilifungwa kwa uzi wa samawati, ule wa kushonea magunia ya viazi, na fundo lilikuwa lile lile. Kila pembesita ilikuwa na upande mmoja mfupi kuliko mingine, upande ule ule wa kushoto. Hata mwandiko ulikuwa mmoja, herufi zimesimama wima kama watu kwenye foleni.

Nilienda kwenye chumba cha walimu kumwonyesha Mwalimu Mathenge mradi mmoja. Mathenge amefundisha miaka thelathini na moja, na alikuwa amekumbatia kikombe cha chai kwa mikono yote miwili bila kunywa.

"Umegundua leo?" akaniuliza.

"Kwani wewe ulijua?"

"Mwaka jana miradi ilitengenezwa na seremala wa pale sokoni. Alikuwa na kazi safi, hata vanishi alipaka. Mwaka huu naona wamepata fundi mwingine."

"Na mlifanya nini?"

"Tuliandika 'amefikia matarajio,' tukaenda nyumbani kuvuna viazi."

"Lakini Mwalimu, hapo mtoto amejifunza nini?"

Akaweka kikombe chini. "Abby, nisikilize. Mtoto amechoka. Ameamka saa kumi na moja akakamua ng'ombe, akatembea na matope mpaka hapa. Mzazi wake amechoka zaidi. Mimi mgongo wangu ukiinama, kuinuka ni kwa maombi. Na wewe hebu jiangalie kwa kioo. Alama zinatakiwa kuingizwa mtandaoni kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Andika, upumzike."

Sikuandika. Nilirudi darasani na ule mradi kwapani.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, Ticha," akajibu Jamleck kutoka kiti cha nyuma. Jamleck ana miaka kumi na miwili na hajawahi kukosa jibu, hata pale ambapo hajaelewa swali.

"Ulitengeneza wewe mwenyewe?"

"Mimi na Yesu, Ticha. Si alikuwa seremala?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Nilingoja kiishe.

"Haya. Wewe na Yesu, njooni hapa mbele mnionyeshe pembetano."

Akaja akikokota miguu. Akaitazama katoni kwa muda, akaweka kidole kwenye pembesita.

"Hesabu pande zake."

Akahesabu kimoyomoyo. Akahamisha kidole, akakiweka kwenye msambamba.

"Na kipenyo kiko wapi?"

"Kiko hapa, Ticha. Hapa katikati katikati." Kidole kilizunguka juu ya katoni nzima kama mwewe anayetafuta kifaranga.

Niliwaita wengine wanne. Mmoja tu alijua mraba. Niliona kitu kikinipanda kifuani, na wakati ule nilidhani ni upendo wa kazi. Sasa nafikiri ulikuwa uchovu uliovaa nguo za upendo. Nikageuka, nikamwona Mugure amelala, shavu limebanwa kwenye dawati, kucha zimejaa udongo. Mugure ndiye mwanafunzi wa ishirini na nne. Yeye peke yake hakuwa ameleta mradi.

"Mugure!"

"Ticha, mwache, ako na homa," akasema msichana aliyekaa naye.

Mugure akaamka. Alama ya ubavu wa dawati ilikuwa imejichora usoni.

"Wenzako angalau wameleta cha kuazima," nikamwambia. "Wewe hukuleta chochote."

"Nitaleta, Ticha."

"Lini?"

Nikaligeukia darasa zima, nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga tangu chumba cha walimu. Nikasema miradi hii yote ni bure, nimeifuta. Nikasema kila mtu ataanza upya, Jumamosi na Jumapili akae kwao, atengeneze wake kwa mikono yake, bila fundi, bila rafiki, na Jumatatu asubuhi nitamwita mmoja mmoja aniambie jina la kila umbo.

Mugure akainua mkono. "Ticha, isiwe Jumatatu. Si iwe Jumatano?"

"Kwa nini?"

Akawatazama wenzake. Kila mmoja alikuwa akiangalia kwingine.

"Tu," akasema.

"Jumatatu," nikasema.

Akakaa. Nakumbuka alivyokaa: hakununa, hakulia, alishuka tu kitini polepole kama mtu aliyetua mzigo mahali asipotaka.

Ijumaa Mugure hakuja shuleni. Sikushangaa, msimu wa viazi watoto hukosa. Saa tisa na nusu, darasa likiwa limeshatawanyika, Kipkoech, kiranja wetu, alibaki akifuta ubao uliokuwa tayari umefutwa.

"Una neno?" nikamuuliza.

"Ticha, ukiambiwa kitu utakasirika?"

"Sijui. Niambie kwanza."

Alifuta kona moja ya ubao mara tatu. Kisha akaniambia. Miradi yote ilitengenezwa na Mugure. Mama yake, Wachuka, alipigwa teke na ng'ombe mwezi wa sita akikamua, mguu ukavunjika, na hadi leo uko kwenye plasta. Baba yake huchoma nyama kule Kikopey, huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Wanawake wa kijiji wana ngwatio yao, leo wote wanavuna kwa huyu, kesho kwa yule. Lakini zamu ya Wachuka ilifika akiwa hospitalini, ikapita, na sasa kila mtu amezama katika shamba lake. Viazi vya kina Mugure vilikuwa bado ardhini. Ugonjwa ulishaingia kwenye majani, wakayafyeka. Mvua ikiviloweka vile viazi kabla ya kutolewa vitaoza, na hivyo ndivyo chakula chao na mbegu ya msimu ujao.

"Kwa hivyo akaanzisha ngwatio yake," Kipkoech akasema. "Yeye anakutengenezea mradi, wewe Jumamosi unamvunia matuta mawili. Shamba lao ni robo ekari, liko na matuta arobaini na sita. Alihesabu."

Ishirini na tatu mara mbili. Hata mimi nilihesabu, nikiwa nimesimama pale na mkoba begani.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia aje, Ticha? Si ungesema ni udanganyifu?"

Ningesema hivyo hivyo.

"Na kesho mnaenda?"

"Sasa tutaenda aje? Umesema kila mtu akae kwao. Halafu umesema miradi ni bure." Aliangalia chini. "Wengine wanasema kitu kikiwa bure hakidaiwi."

Nilikaa kwenye dawati la mbele.

"Yale maneno yeye anayajua?" nikauliza.

"Mugure? Ticha, ameyaandika mara ishirini na tatu. Hata usiku anayaota."

Jioni ile, nikiwa chumbani kwangu mjini, mtaa wa Bondeni, niliandika ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa Gredi ya Sita. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwishowe nikasema kwamba mradi umeahirishwa hadi Jumatano, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba ningeshukuru kama watoto waliokuwa wameahidi kumsaidia Mugure kesho wangeruhusiwa kwenda.

Baba Jamleck alijibu wa kwanza. "Mwalimu, jana umesema mtoto akae nyumbani. Leo unasema aende kwa watu. Tushike gani?"

"Hata sisi tuko na viazi kwa shamba," mama mmoja akaandika.

"Na hiyo katoni nishanunua," mwingine akaongeza.

Mtu akatuma picha ya waridi lenye maneno ya kutakia watu jioni yenye baraka. Watu saba wakasema amina. Baada ya hapo kikundi kikanyamaza.

Jumamosi niliamka kabla ya adhana. Jirani yangu Khamisa, ambaye huuza mitumba karibu na soko, aliniazima gamubuti zake, viatu virefu vya mpira.

"Mwalimu wa Kiswahili aenda kulima?" akasema akicheka, khanga kichwani. "Haya mwanangu. Lakini usinitobolee. Jembe halina macho."

Nilipanda matatu, nikateremka Lanet, nikachukua bodaboda hadi juu Dundori. Nilipofika kwa kina Mugure ilikuwa saa moja na nusu. Mawingu yalikuwa mazito upande wa Nyandarua lakini bado makavu. Mugure alikuwa shambani tayari. Alikuwa amevuna siku nzima ya Ijumaa peke yake. Matuta matano yalikuwa yamefumuliwa, viazi vimelala juu ya udongo kama mayai. Mama yake alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu wa plasta umefungwa kwa mfuko wa nailoni usishike matope, akichagua viazi vikubwa na vidogo.

"Wewe ndiye Mwalimu Abby," akasema.

"Ndimi, mama."

"Yule wa maumbo."

"Ndimi."

"Karibu. Jembe liko pale."

Nilikuwa nimejiandaa kusutwa. Nilikuwa na majibu, na hata machozi kidogo. Jembe sikuwa nimejiandalia. Lilikuwa jembe la meno, zito, na pigo langu la kwanza lilichoma kiazi katikati. La pili vilevile.

"Mwalimu, hivyo ni viazi, si nyoka," Wachuka akaita. "Anzia mbali, upande huu wa tuta. Kisha inua, usipige."

Mugure hakucheka. Alinitazama mara moja, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa ameniamkia kwa heshima, "Shikamoo, Ticha," basi.

Kipkoech alikuja saa tatu na dada yake mkubwa. Kuelekea saa nne Jamleck alitokea kwenye ua na mtungi wa maji mtupu.

"Niaje," akawaambia wenzake, kisha akaniona, akasimama wima. "Ticha! Mimi nimetumwa maji."

"Mto uko huku?"

"Hapana. Baba alisema nisije kuvuna. Hakusema nisipitie." Akauweka mtungi chini ya ua, akakunja suruali. "Nitavuna matuta yangu mawili, halafu maji nitasema yalikuwa na foleni."

Hatukuongezeka tena. Watu watano na mama mmoja kwenye ndoo. Kila mara niliposikia sauti barabarani niliinua kichwa, na kila mara ilikuwa punda wa mtu au pikipiki. Kufikia saa sita viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge, na mgongo ulikuwa umesahau jinsi ya kunyooka. Nilimfikiria Mwalimu Mathenge, ambaye wakati huo alikuwa akivuna kwake na mgongo wa miaka hamsini na minane.

Katikati ya uchovu ule, ualimu ulinipanda tena. Mugure alikuwa tuta la pili kutoka kwangu. Nikamwambia, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, "Mugure, hili tuta langu na hilo lako, tungeyaita mistari gani?"

"Sambamba, Ticha." Hakuinua kichwa. Akang'oa mashina mawili zaidi ndipo akaongeza, "Ticha, leo nimechoka. Tuvune tu."

"Sawa," nikasema. Na tukavuna tu.

Saa saba Wachuka aliniita nimsaidie kufunga gunia. Nilipopiga magoti kando yake nikaona ndio wakati.

"Mama Mugure, nakuomba radhi. Mimi ndiye niliyewazuia watoto."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Najua. Mugure aliniambia Alhamisi. Alikuja akakaa pale jikoni, akasema, 'Mama, imeharibika.' Sikumwelewa. Nilidhani ni sufuria."

"Sikujua."

"Hukujua. Kosa lako si kubwa, Mwalimu. Lakini mvua nayo haijui kwamba hukujua."

Ilianza saa tisa kasorobo. Haikutisha kwa radi; ilikuja tu kutoka juu ya mlima, nyeupe, ikatufikia tukiwa bado na majembe mikononi. Tulikimbiza magunia hadi bandani, mengine tukayaburuta. Jamleck alianguka mara mbili, mara ya pili akabaki ameketi kwenye matope akisema hapo ndipo kwake sasa. Mama alihitaji watu wawili kumshika. Tulipokwisha, tulisimama chini ya mabati tukitiririka maji, tukitazama shamba. Tulikuwa tumemaliza matuta kumi na saba. Pamoja na yale matano ya Mugure, ishirini na mawili. Ishirini na manne yalikuwa bado ardhini, na mvua ikiyanyeshea.

"Viazi vitakaa siku ngapi kabla havijaoza?" nikamuuliza Mugure.

"Siku mbili," akasema. "Tatu, kama jua litatoka."

Jua lilitoka kidogo Jumapili. Nilikuwa kitandani Bondeni, siwezi kuinua hata kikombe, nikitazama ule mwanga ukutani.

Jumatatu asubuhi wanafunzi sita walileta miradi mipya, licha ya ujumbe wangu. Mmoja alikuwa ametumia njiti za kiberiti. Wa Jamleck ulikuwa mbaya kupita yote, duara lake limebonyea kama mpira uliopitiwa na trekta, lakini alipofika mbele alikiweka kidole kwenye kipenyo bila kukosea. Niliusifu. Halafu nikaomba waweke vitabu chini.

Nilikuwa nimelala na maneno hayo usiku wote, na bado yalitoka vibaya. Niliwaambia kwamba ile miradi ishirini na mitatu haikuwa bure. Ilikuwa kazi ya Mugure, alifanya kazi ya watu ishirini na watatu, na alama zake nitampa yeye. Wao nitawauliza maneno Jumatano, kama nilivyoombwa tangu mwanzo nikakataa. Nikasema nilikosea.

Sidhani waliwahi kusikia mwalimu akisema hivyo, na nadhani hawakulipenda jambo hilo, liliwakosesha raha.

"Mlikuwa mmekubaliana naye nini?" nikauliza.

Kipkoech akasema, "Matuta mawili."

"Mimi ndiye niliyewapa ruhusa ya kuvunja neno lenu. Leo naiondoa. Simlazimishi mtu. Nitaandikia wazazi saa hizi, na atakayekubaliwa, saa kumi tutakuwa kwa kina Mugure."

"Ticha, tumechoka," akasema yule msichana aliyedai Mugure ana homa. "Jumamosi tumevuna kwetu. Jumapili baada ya kanisa tumevuna kwa nyanya."

"Najua."

"Hata mikono imeisha."

Nikafungua viganja vyangu nikamwonyesha. Akaja karibu, akatazama malengelenge yaliyopasuka, akasema kwa masikitiko ya mtu mzima, "Aki Ticha, wewe ulishika jembe vibaya."

Wakati wa mapumziko Mugure alinifuata hadi mlangoni.

"Ticha, sikutaka useme mbele ya watu."

"Kwa nini?"

"Sasa watasema nimewachoma, nimekuambia siri yao."

"Aliyewachoma ni mimi. Nao nitawaambia hivyo hivyo."

"Watasema tu." Alikuwa akikwangua udongo chini ya ukucha. "Lakini ni sawa. Kama watakuja, ni sawa."

Mathenge aliyasikia hayo kwenye chumba cha walimu kabla sijaketi. "Unajua kupeleka wanafunzi kwa shamba la mtu kunaweza kukuletea barua ya onyo?"

"Siwapeleki, Mwalimu. Wazazi wao ndio watakaosema."

"Hm." Akakunywa chai. "Na matuta yaliyobaki ni mangapi?"

"Ishirini na manne."

"Yameloa?"

"Yameloa."

"Basi viazi msivitie kwenye magunia leo. Vitandazeni kwenye upepo kwanza, juu ya majani makavu. Mkivifunga vikiwa na maji, vilivyooza vitaviambukiza vizima." Akafungua daftari lake. "Hilo hawafundishi chuo kikuu."

Saa kumi nilisimama kwenye lango la kina Mugure. Saa kumi na robo walikuwa wameshafika kumi na mmoja, bado na sare, kila mmoja na jembe lililomzidi urefu. Kufikia saa kumi na nusu walikuwa kumi na sita. Saba hawakuja, na sikuwauliza kamwe kwa nini. Yule msichana wa homa alikuja, akaenda moja kwa moja kwenye tuta la mwisho, akaanza bila kumsalimia mtu.

Hawakuimba. Hawakufanya mzaha mwingi. Hata Jamleck alikuwa kimya, isipokuwa pale alipotoa kiazi kilichooza kikapasukia mkononi, akatafuta mtu wa kumpaka. Ilikuwa kazi ya watu waliochoka kumsaidia mtu aliyechoka zaidi. Matuta matano ya upande wa chini, maji yalikokuwa yametuama, yalikuwa yameharibika. Harufu yake ilitufikia kabla hatujayafumua. Mengine kumi na tisa yalikuwa mazima, au karibu. Wachuka alivipokea viazi kimoja baada ya kingine, akavibonyeza kwa kidole gumba, vya kula huku, vya kutupa kule, na vile vidogo vigumu vyenye macho mengi akavitenga kwenye nyasi nyuma ya mgongo wake, ambako hakuna ambaye angevigusa.

"Mbegu imetosha?" Mugure akamuuliza.

Mama yake alitazama nyuma. Akavihesabu kwa macho.

"Imetosha," akasema. "Kidogo, lakini imetosha."

Mugure akalala chali juu ya udongo, na sare yake, mikono imetandazwa. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Jua lilikuwa likienda nyuma ya Menengai tulipomaliza. Bodaboda niliyokuwa nimeiagiza ilikuwa barabarani ikipiga honi. Watoto walinawa mikono kwenye beseni moja, maji yakawa kahawia, kisha meusi, na kila mmoja alikuwa akitafuta mkoba wake aende. Ndipo Wachuka akajiinua kwa magongo yake, akasimama mlangoni pa jiko.

"Wapi?" akauliza. "Mnaenda wapi?"

"Nyumbani, mathe," Jamleck akasema. "Kesho ni shule."

"Ngwatio ya wapi hiyo, watu wanavuna wanaondoka bila kula? Mnataka watu waseme Wachuka aliwafukuza? Rudini mketi."

Kulikuwa na sufuria kubwa jikoni, viazi vya kuchemshwa na maganda yake, na chumvi kwenye kisahani. Hakuwa amepika kingine. Na mguu ule sijui hata alivyoweza kuibandika sufuria. Watoto waliketi kwenye nyasi bila ubishi, begani kwa bega, wakipulizia vidole.

"Na wewe, Mwalimu," akasema, akininyoshea kisahani. "Usile umesimama kama askari."

Honi ikalia tena barabarani. Nikampigia yule wa bodaboda, nikamwambia azime injini aje, viazi viko vingi, kisha nikaketi.